Anayepimwa ni Nani? Kutoka Kiongozi la 1904 hadi Tovuti ya Tanga

Wapenzi wengi wa historia ya magazeti ya Kiswahili huanzia Zanzibar mwaka 1888, pale wanafunzi wa Kiungani walipoanza kutoa Msimulizi. Sina ugomvi nao. Ila leo naomba tuanzie Tanga. Kwa miaka michache sasa mimi na wenzangu wachache tumekuwa tukitengeneza tovuti ya habari za Tanga, yaani habari za mji na wilaya zake, siyo habari za Dar es Salaam zilizopita Tanga kunywa chai. Katika kazi hiyo tumelazimika kufanya kitu ambacho magazeti yetu hayakizungumzii sana: kumkalisha msomaji mbele ya ukurasa kabla haujatoka, kumwangalia anausomaje, kisha kuubadilisha ukurasa. Wenyewe wanaita kupima. Nilipoanza kusoma habari za upimaji huu nikagundua kwamba katika mkoa huu jambo hilo si geni hata kidogo. Lilishafanyika, na kwa namna ambazo zinatufundisha mengi, kabla hata neno tovuti halijazaliwa.

Kiongozi lilianza mwaka 1904. Lilichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga, na wanafunzi wenyewe walifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa. Lilijitangaza kuwa ni gazeti la habari kwa watu wote wa koloni. Sasa hebu tulitazame hilo neno "wote". Gazeti lilichapwa kwa herufi za Kirumi. Katika Pwani ya wakati ule, mtu aliyejua kusoma alikuwa amejifunza chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu. Barua za biashara, tenzi, hati za mashamba, vyote vilikuwa katika herufi hizo. Hata Wajerumani wenyewe mwanzoni waliandikiana na maakida na maliwali kwa herufi hizo, kisha wakahamia za Kirumi. Mtu mzima aliyekuwa msomi anayeheshimika mtaani kwake akaamka siku moja akiwa hajui kusoma, bila kusahau hata herufi moja.

Hapo ndipo ninapoona uamuzi wa kwanza wa usanifu katika historia ya habari Tanga. Sisi tunaposema usanifu tunafikiria rangi, vitufe na ukubwa wa maandishi. Lakini kabla ya hayo yote kuna swali la nani atakuwa ndani na nani atabaki nje, na mara nyingi swali hilo hujibiwa na mtu ambaye hata hajui kwamba ameulizwa.

Pamoja na hayo, Kiongozi lilikuwa na jambo moja ambalo mimi nalionea wivu. Vijana waliohitimu shule ya Tanga walipelekwa huku na huko bara kuwa makarani, walimu na maakida, na kutoka huko walikoenda walileta barua. Waliandika habari za mvua, za mavuno, za wanyama wakali, za maofisa waliofika. Msomaji wa gazeti ndiye aliyekuwa mwandishi wake. Mhariri hakuwa na haja ya kumwita mtu ofisini na kumuuliza unapenda kusoma nini, kwa sababu jibu lilikuja kwa posta likiwa tayari limeandikwa. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na halikujificha, lakini lilijua kwa majina watu linaoongea nao. Likafa na vita. Waingereza walishindwa vibaya kuingia Tanga Novemba 1914, na watu hadi leo wanapenda kusimulia habari za nyuki. Walirudi 1916 wakauchukua mji, na Kiongozi likawa limekwisha.

Mambo Leo lilikuja Januari 1923, safari hii kutoka Dar es Salaam, chini ya Idara ya Elimu ya Waingereza. Wasomaji wa blogu hii wanalifahamu, kwa sababu mashairi ya Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, yalipata nafasi humo. Sitalikalia sana. Nataka tu tukumbuke kwamba gazeti la namna ile halikusomwa kama ninavyosoma mimi simu yangu kitandani. Mmoja alisoma, wengine wakasikiliza, wakabishana, wakamwambia arudie. Nakala moja ilikuwa na masikio mengi. Tutarudi kwenye masikio hayo.

Sasa twende Vugiri.

Vugiri ni kijiji cha milimani, katika Usambara, upande wa Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa makao ya mradi mmoja wa ajabu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha kubwa ilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na mradi ulikuwa chini ya baraza la kimataifa la wamisionari. Waliousimamia papo hapo walikuwa Waingereza wawili, Notcutt, ambaye aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge, na Latham, mtu wa elimu. Walitengeneza filamu ndogo zipatazo 35 hivi, wakizipiga papo hapo na waigizaji Waafrika. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, na santuri ikapigwa sambamba na picha. Wakapakia mashine kwenye lori na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwenda hadi kusini, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Moja ya filamu za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Kibarua mmoja anaweka mshahara wake posta, mwingine anaufukia ardhini, mwizi anaufukua. Unaweza kukisia iliyobaki.

Kilichonivutia si filamu, ni kile kilichofanyika baada ya taa kuwashwa. Wale mabwana walikuwa wakikusanya maoni. Waliangalia watu wanacheka wapi na wananyamaza wapi, wakauliza maswali, wakaandika. Kwa hesabu yangu mimi, huo ni upimaji wa watumiaji hasa: unatengeneza, unaonyesha, unaangalia, unaandika, unarekebisha. Miaka 90 iliyopita, kwenye mlima unaoonekana ukiwa njiani kutoka Korogwe.

Lakini walikuwa wakimpima nani? Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Swali lililotawala lilikuwa: Mwafrika anaweza kuelewa kiasi gani? Filamu iende taratibu kiasi gani, picha ziwe rahisi kiasi gani, ili akili yake ifuate? Mtazamaji asipoelewa, dosari ilikuwa yake. Fikra hiyo haikuishia Vugiri. Ilirithiwa na kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939, na ikaendelea kuzaa miongozo ya jinsi ya kuwatengenezea Waafrika filamu.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo kinachojulikana sana duniani, kwa sababu McLuhan alikinukuu katika kitabu chake cha 1962. Alikisimulia Mwingereza aitwaye John Wilson. Bwana afya fulani alitengeneza filamu ya kufundisha watu kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Filamu ilikwenda polepole makusudi. Ikaonyeshwa kijijini mahali fulani Afrika, kisha watazamaji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu wakashangaa, kuku gani? Hawakujua kama kuna kuku. Wakaipitia picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja kuku alipita kwenye kona ya picha.

Kisa hiki kimetumika kuthibitisha kwamba asiyezoea filamu hajui kuitazama. Mimi nakisoma kinyume chake. Watu waliona kitu ambacho mtengenezaji mwenyewe, aliyeikata na kuiunganisha filamu ile kwa mikono yake, hakukiona. Katika filamu iliyopunguzwa mwendo hadi ikafanana na usingizi, kuku ndiye kiumbe pekee aliyetembea kama viumbe wanavyotembea. Jaribio lilifanikiwa kabisa. Lilionyesha kwamba filamu ilikuwa mbovu. Ila hakuna aliyekuwa tayari kupokea majibu hayo.

Fani ya sasa ya kupima tovuti na programu imejengwa juu ya sentensi moja ambayo kila mpimaji huitamka mwanzo: hatukupimi wewe, tunapima ukurasa. Mwaka 1982 Clayton Lewis wa IBM alileta njia ya kumwomba mtumiaji aseme kwa sauti kila anachofikiri wakati anatumia mashine. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, Mdenishi, akaandika makala iliyosambaa kila mahali akidai kwamba watu 5 tu wanatosha kukuonyesha matatizo mengi ya ukurasa, na kwamba ni afadhali upime watu wachache mara nyingi kuliko wengi mara moja. Kwa ofisi kama yetu, isiyo na fedha, hiyo ilikuwa habari njema. Watu 5, soda 5, nauli ya bodaboda, kazi inaanza.

Tukaanza kama vitabu vinavyoelekeza. Mtu mmoja, simu moja, na ombi la kusema kila kinachomjia kichwani. Nikaeleza ile sentensi: mama, hatukupimi wewe, tunapima huu ukurasa. Akaitikia kwa kichwa, akashusha kidole juu, akashusha chini, akasema, "Nzuri, mwanangu. Mmejitahidi." Wa pili naye nzuri. Wa tatu, kijana, akasema iko poa. Yaani wewe umemkaribisha mtu, umempa soda, umemwamkia shikamoo, kisha unataka akae peke yake mbele yako atoe kasoro za kazi yako kwa sauti. Kwetu hapa hiyo ni kumdai mtu akuvunjie heshima. Njia ya Lewis inadhani kwamba mawazo yako ni mali yako na kuyatoa hakumgusi mtu mwingine. Labda kwingine ni hivyo.

Kumbe kuna tawi jingine la utafiti. Mtafiti Naomi Miyake alichapisha mwaka 1986 uchunguzi wake wa watu walioketi wawili wawili wakijaribu kuelewa cherehani inashonaje. Hakuna aliyeombwa aseme anachofikiri. Walikuwa wanaongea kwa sababu walikuwa wawili na walikuwa hawaelewani. Nilipoisoma hiyo nilicheka, maana ni picha ya baraza yoyote ya Ngamiani, hata cherehani ipo.

Basi tukawatoa watu ofisini, tukawaacha walipo, wawili wawili, simu moja. Mzee mmoja na mjukuu wake. Mama anayeuza barafu na mdogo wake. Vijana wawili wa bodaboda pale wanapoegesha. Sisi tukakaa pembeni na daftari. Hapo ndipo ukurasa ulipoanza kupimwa.

"Gusa hapo."

"Siyo hapo babu, hilo ni tangazo."

"Sasa kama ni tangazo, mbona limekaa kama habari?"

Swali hilo nimelipeleka kwenye kikao cha wahariri kama lilivyo. Lilitushinda kulijibu bila kuona haya.

Kitufe cha "Nyumbani", ambacho kila tovuti ya Kiswahili inacho kwa sababu Kiingereza kinacho, kilipata swali kutoka kwa mama wa barafu: nyumbani kwa nani? Tumeweka "Mwanzo". "Jamii" hakuna aliyeigusa. "Kitaifa" waliipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa.

Lakini lililotuweka kazini mwezi mzima ni saa. Programu tuliyoitumia huandika yenyewe habari imetoka lini, na tafsiri yake ilisema "Saa 3 zilizopita". Mzee akauliza, saa 3 ya asubuhi au ya usiku? Mjukuu akamweleza siyo saa 3, ni kwamba masaa matatu yamepita tangu iandikwe. Mzee akasema, "Basi waandike masaa."

Ndugu zangu wa sarufi najua mmeshika vichwa. Tumefundishwa shuleni kwamba masaa si sanifu, kwamba wingi wa saa ni saa. Lakini angalieni kazi ambayo lile "ma-" linafanya mdomoni mwa watu. Linatenganisha saa ya kwenye ukuta na muda unaopita. Kwa lugha inayohesabu saa kuanzia macheo, huku simu zetu zikihesabu kuanzia usiku wa manane, tofauti hiyo ni mkate wa mtu. Mama wa barafu alitufafanulia. Friji yake moja ndiyo mtaji wake. Akisoma kwamba umeme utakatika saa 3, anahitaji kujua ni 3 ipi, maana ikiwa ni asubuhi hagandishi ukwaju usiku ule, na ikiwa ni usiku anagandisha na kuuza mapema. Taarifa ikiletwa kwetu imeandikwa 15:00, kila mmoja kichwani anatoa 6, na kuna siku mtu atatoa vibaya. Sasa hivi tovuti yetu haisemi saa ngapi zimepita. Inasema leo alfajiri, leo asubuhi, leo mchana, leo alasiri, jana usiku. Na penye saa, lazima sehemu ya siku iandikwe pembeni, hata kama nafasi haitoshi. Kijana aliyetujengea tovuti alilalamika kwamba tunapoteza usahihi. Wale waliopimwa hakuna aliyelalamika.

Jambo la misiba lilileta mvutano kati yetu wenyewe. Katika kila jozi ya watu wazima, kabla ya kumaliza, kuna aliyeuliza vifo viko wapi. Waliokua na Radio Tanzania wanakumbuka matangazo ya vifo, nyumba nzima ikinyamaza. Mwenzangu mmoja, mhariri mzuri kuliko mimi, hakutaka. Alisema tukiweka misiba juu tutafanana na ubao wa matangazo wa mtaa, na hakuna mfadhili wala mtangazaji atakayetaka jina lake likae jirani na marehemu. Hoja yake ina uzito. Lakini katika mji wa Waislamu wengi kama huu, maiti haisubiri. Mtu akifa alfajiri anaweza kuzikwa baada ya adhuhuri au alasiri siku hiyo hiyo. Hakuna habari nyingine ya mji inayooza haraka hivyo. Ya mkutano wa halmashauri unaweza kuisoma kesho, lakini ya maziko ukiisoma kesho umeshamkosa mtu. Tumeiweka mstari wa pili kutoka juu, kwa sharti kwamba haitoki mpaka ndugu wa marehemu apigiwe simu na aridhie. Mwenzangu hajakubali mpaka leo, na kila matangazo yakipungua ananikumbusha.

Tena kuna yale masikio niliyosema tutayarudia. Dada wa yule mama hakumpa simu ndugu yake asome. Alimsomea. Yule mzee naye alisomewa. Vijana wa bodaboda walipiga picha ya skrini wakaitupa kwenye kundi la WhatsApp, na mmoja akatuma sauti yake akisimulia habari ile ile, kwa sababu wenzake wako barabarani na hawawezi kusoma, tena wengine hawana bando la kufungulia tovuti. Habari yetu moja ilisomwa na mmoja ikasikiwa na wengi, kama Mambo Leo. Hapo tukagundua mahali wasomaji wanapojikwaa: "DED", "RC", "Sh3.2bn". Jicho linapita juu yake, mdomo unakwama. Yule dada alifika kwenye "bn" akanyamaza, akamwangalia ndugu yake, wakacheka wote wawili. Tangu siku hiyo kila habari, kabla haijatoka, inasomwa kwa sauti ofisini na mtu ambaye hakuiandika. Sioni kama kuna kanuni bora ya kuhariri Kiswahili, ingawa inachosha koo.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha za magazeti, alifungua blogu yake akiwa Helsinki kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa na blogu yake, Jikomboe. Haikuhitaji kibali wala ada. Wadau walijaa kwenye maoni, wakasifia, wakatukana, wakasahihisha, na huo nao ulikuwa upimaji wa kila saa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikaleta usajili na ada ambazo kwa kuanzia zilizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huo hata JamiiForums ilizimwa kwa muda. Kwa tovuti ya mji mmoja, ada ya namna hiyo ndiyo inayoamua kama utakuwa na mwandishi wa Pangani au hutakuwa naye. Na msomaji aliyeona hayo yote hamwagi tena maoni yake hadharani kama zamani. Ananiandikia pembeni, au ananiambia nikikutana naye sokoni Mgandini.

Jozi ya mwisho ya awamu ile ilikuwa bibi mmoja wa Ngamiani na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa sekondari. Mjukuu alisoma, bibi akasikiliza, akauliza maswali mazuri kuliko ya wote. Tulipokuwa tunaagana nikamuuliza kama yeye mwenyewe angependa maandishi yawe makubwa zaidi. Akasema ukubwa si tabu yake. Anasoma Kurani bila miwani, na barua za marehemu baba yake anazisoma mpaka leo. "Hizi za shule ndizo sikufundishwa," akasema. "Za kwetu hamna?"

Sikuwa na jibu. Mjukuu wake akachukua simu, akatafuta kwenye mipangilio, akamfungulia kibodi ya Kiarabu. Bibi akaandika polepole, kutoka kulia, jina la mtaa wake, na chini yake kwamba taa za barabarani haziwaki tangu mwezi wa Ramadhani. Tulimwomba mwalimu wa madrasa mmoja atusomee, tukaenda usiku kuangalia, tukaichapisha habari hiyo kesho yake asubuhi. Kwa herufi za shule.